Niliyoyaona Kwenye Meza ya Ufadhili, Nengo

Divine, wiki niliyostaafu na kukuachia meza yangu uliniomba nikuandikie mambo ambayo hayamo kwenye mafaili. Nilidhani utatosha ukurasa mmoja. Sasa niko wiki ya tatu nyumbani, mume wangu ameshazoea kunikuta mezani na karatasi, na amenitahadharisha kwamba mtu aliyestaafu hatakiwi kuwa na kazi nyingi kuliko alipokuwa kazini. Basi chukua haya, uwasomee na wenzako. Ya kupandishwa cheo sitayataja. Nilipandishwa mara mbili, na mara zote mbili kilichobadilika ni kibao cha mlangoni.

Nilikuja kwenye meza hiyo kutoka darasani. Nilizaliwa na kukulia Karagwe, Tanzania, wazazi wangu wakiwa wakimbizi, na tuliporudi Rwanda nilipata kazi ya kufundisha Kiingereza katika sekondari moja hapa Gisenyi. Kiswahili changu kiliwachekesha wanafunzi, waliozoea Kiswahili cha upande wa Goma. Waliniita Madamu Redio, kwa kuwa eti nazungumza kama msomaji wa taarifa ya habari. Kisha kituo cha vijana cha Nengo kikatafuta mtu wa chumba cha ushauri wa masomo, mtu anayejua kuandika Kiingereza, nami nikaomba. Nilidhani nakwenda kugawa ufadhili. Kumbe hakuna mtu katika chumba kile aliyewahi kugawa chochote. Kazi yetu ilikuwa kutafuta matangazo ya vyuo na ya serikali za nje, kumpata kijana anayefaa, na kuhakikisha karatasi zake zimefika zikiwa kamili.

Aliyenipokea alikuwa Papa Déo. Wewe umemkuta akiwa mzee wa kututembelea tu, lakini wakati huo ndiye aliyekuwa mkuu wa chumba, na alikuwa peke yake ndani yake. Alikuwa amerudi kutoka Bukavu, alikokuwa mwandishi wa ofisi ya shule, na alipiga chapa kwa vidole viwili haraka kuliko mimi kwa kumi. Hakuniuliza habari za shahada yangu. Alinipa tangazo la kurasa tatu.

"Keti, mwalimu. Soma hii karatasi, uniambie inatafuta mutu gani."

Nikaisoma kwa makini tangu juu. "Inatafuta vijana wenye vipaji na moyo wa uongozi," nikamwambia, "watakaoibadilisha Afrika."

"Hapana. Ile ya juu ni maneno ya kupendeza watu. Soma chini."

Chini kabisa, kwa herufi ndogo, paliandikwa kwamba mwombaji awe amemaliza sekondari si zaidi ya miaka miwili iliyopita, awe amesoma bayolojia na kemia, awe na barua za walimu wawili, na vyeti vyake viwe vimetafsiriwa na mtafsiri aliyeapishwa.

"Donc inatafuta mutoto wa bayolojia," Papa Déo akasema, "wa mwaka huu ao mwaka jana, mwenye walimu wawili wanamujua. Afrika itajibadilisha yenyewe. We unajua mutoto kama huyo?"

Nikasema namjua mmoja.

"Bon. Mwite."

Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yangu ya kazi. Yalichukua kama robo saa, na mpaka leo sijapata mengine yaliyonifaa zaidi.

Vifaa vyetu vya miaka ile vilikuwa bahasha za kaki, gundi, mashine ya kutoboa karatasi na kalenda kubwa ya ukutani ambayo Papa Déo aliichora mwenyewe kwa rula. Maombi yalikwenda kwa posta, na kijana aliyeomba alikaa miezi hajui kama bahasha yake imefika au imelowa njiani. Baadaye tukapata kompyuta, kisha skana. Skana ya kwanza iliweka mstari mwembamba mweusi kwenye kila ukurasa, na kwa miaka kadhaa kila mtoto wa Gisenyi aliyeomba chuo cha nje alionekana ana kovu shavuni. Mmoja aliulizwa habari za kovu hilo kwenye ubalozi. Alisema lilipona.

Lakini nikuambie kitu kilichokula muda wangu kuliko vyote: majina. Wewe umezaliwa hapa na karatasi zako zote zimetoka mahali pamoja. Waombaji wetu wengi familia zao zilitoka Kongo, Uganda, Tanzania, na kila karani wa kila nchi aliandika alivyosikia. Binti mmoja alikuwa Clémentine kwenye cheti cha ubatizo, Clementina kwenye matokeo ya mtihani, na kwenye kitambulisho hakuwa na jina la Kikristo kabisa. Chuo kilituandikia kikiuliza kwa adabu ni wasichana wangapi hasa wanaoomba nafasi ile moja. Kurekebisha jina ni kazi ya ofisi nyingi na subira nyingi, kwa hiyo usiianze wiki ya mwisho. Siku ya kwanza mtoto akifika, kabla hajakueleza ndoto zake, mwambie atandaze karatasi zake zote mezani, mlinganishe herufi kwa herufi. Ataona unamchelewesha. Mwache aone hivyo.

Kitu cha pili ni barua ya kujieleza. Kwa miaka yangu yote hapo nilisoma barua zinazoanza na "Tangu utotoni ndoto yangu imekuwa", na nilipoanza kuzihesabu nikaacha, nikaona najitesa. Siyo kwamba walidanganya. Walidhani hivyo ndivyo mtu anavyoongea na Wazungu. Nilijaribu kuwafundisha kwa maelezo marefu, haikusaidia. Kisha siku moja, kwa kuchoka tu, nilimwuliza kijana mmoja, "Jumanne iliyopita ulifanya nini?" Akanieleza kwamba alishinda akitengeneza pampu ya maji ya jirani kwa kipande cha kandambili. Nikamwambia, "Andika hiyo." Tangu hapo nimewauliza wote habari za Jumanne. Wengine watakujibu kwamba walilala. Hao nao wana kitu cha kueleza, ila itakubidi uulize mara mbili.

Na mawakala. Watakuja, kila mwaka kwa jina jipya, na suti. Kuna baba mmoja wa Rubavu aliyekuja kuniaga akiwa na furaha, kwamba mwanawe amepata chuo na yeye anakwenda kuuza shamba ampe wakala. Nilimwomba anionyeshe barua ya chuo. Jina la chuo lilikuwa limekosewa mara mbili, kila mara kwa namna yake. Alikasirika sana, akaniambia nina wivu. Alirudi baada ya siku nne, shamba likiwa bado lake, akakaa kwenye benchi, nami nikampa chai. Ukikuta ufadhili unaomtaka mwombaji alipe ndipo afadhiliwe, mpe mzazi kiti kwanza, halafu mweleze polepole.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo hasa nilitaka ulijue.

Vestine alikuja ofisini mwaka aliomaliza sekondari. Alitoka Kanzenze, kwenye familia ya wakulima wa viazi, na alikuwa wa kwanza kwao kufika kidato cha sita. Kwa alama zake angeweza kuomba udaktari, na kila mtu alimwambia aombe udaktari. Yeye alitaka kusoma magonjwa ya mimea. Nilipomwuliza habari za Jumanne alinijibu kwamba alipita kwenye mistari ya viazi vya baba yake na vya jirani, akahesabu mashina yaliyonyauka, akaona kwamba upande ambao maji ya mvua yanapita ndio unaokufa kwanza. Alikuwa ameandika yote kwenye daftari la shule. Nilimwita Papa Déo kutoka meza ya pili aje asome.

"Eh," akasema, akiuita ufadhili kwa Kifaransa kama kawaida yake, "huyu si mutoto wa kutafutia bourse. Huyu ni bourse njo inamutafuta."

Tulimpata tangazo lililomkaa kama nguo ya kushonewa: chuo cha kilimo cha Uholanzi, ada na matunzo yote, nafasi chache kwa ukanda wetu. Tulifanya kazi wiki saba. Wakati huo maombi yalikuwa yanapandishwa kwenye mtandao, na kompyuta na skana vilikuwa kwetu, kwa hiyo kila kitu kilipitia mezani pangu. Siku moja kabla ya mwisho ilibaki karatasi moja tu, barua ya mkuu wa shule, aliyekuwa Kigali kwenye mkutano na angerudi kesho yake asubuhi. Vestine alinipigia kwa simu ya baba yake.

"Madamu, mwisho ni saa ngapi kabisa?"

Tangazo lilikuwa mbele yangu. Liliandikwa 12:00. Nilikuwa nimeshinda nikijaza fomu za watu watatu, zote kwa saa za kizungu.

"Saa kumi na mbili," nikamwambia. "Usichelewe."

Umeshaona, Divine. Mimi sikuona. Mimi niliyekulia kwenye Kiswahili, ninayejua tangu kunyonya kwamba saa kumi na mbili ni jua kutua, nilisoma tarakimu jinsi ilivyoandikwa, nikiwa na maana ya adhuhuri. Naye alisikia kama mtu yeyote wa Kanzenze angesikia, kwa Kiswahili au kwa Kinyarwanda. Alisikia jioni.

Kesho yake nilikuwa ofisini mapema. Saa nne nikaanza kuangalia mlango. Saa tano nikampigia baba yake, simu ilikuwa imezimwa, na ndivyo simu za mlimani zilivyokuwa wakati ule, zilichajiwa kwa zamu kwenye duka la jirani. Saa tano na nusu nikampigia mkuu wa shule. Akaniambia barua alishaitia sahihi na mhuri tangu saa nne, na binti ameondoka nayo akiwa mchangamfu. Nikapumua. Nikajua yuko kwenye pikipiki. Saa sita juu ya alama ukurasa ulifungwa, na mahali palipokuwa na kitufe cha kutuma pakabaki maandishi ya kijivu ya kutushukuru kwa kuvutiwa na chuo chao.

Alifika saa tisa. Alikuwa amepita nyumbani kwanza kuoga na kubadilisha nguo, maana alitaka, alivyonieleza baadaye, kuituma karatasi ya mwisho akiwa amevaa vizuri. Viatu vyake vilikuwa vimeoshwa. Alisimama mlangoni akiwa na bahasha kifuani.

"Madamu, nimewahi sana," akasema. "Bado saa tatu nzima."

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimefanya.

Nilimwambia ukurasa umefungwa. Nilimwambia ulifungwa saa sita. Alikaa kwenye benchi. Alikuwa na tabia ya kuwaza kwa sauti ya chini, nami nilimsikia akisema, "Saa sita. Labda nilisikia vibaya. Simu ilikuwa inakatakata." Akanitazama. "Samahani, Madamu. Nimekuharibia kazi yako."

Ningeweza kusema wakati ule ule. Mdomo ulikuwa wazi. Badala yake nilimwambia asijali, kutakuwa na nafasi nyingine, nikamsindikiza hadi barabarani. Kisha nikarudi, nikafungua daftari la maombi, lile lenye safu ya mwisho iliyoandikwa Sababu, nikaandika: Mwombaji alichelewa. Halikuwa neno la uongo, na ndiyo maana niliweza kuliandika kwa mwandiko mzuri.

Papa Déo alilisoma siku ya pili. Alikuwa na desturi ya kusoma daftari kila asubuhi huku akinywa chai, kama wengine wanavyosoma gazeti.

"Alichelewa?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Vestine? Ule mwenye kufika hapa mbele ya kufungua mulango?"

Nikaendelea kupanga fomu.

"Ulimuambia saa ngapi?"

Nikamwambia. Nilisema kama nilivyosema kwenye simu, neno kwa neno. Aliweka kikombe chini. Nilitegemea anikaripie, na nadhani ningelipenda. Yeye alisogeza tu daftari upande wangu, akaweka kalamu juu yake.

"Mimi nilishapoteza dosiye ya mutu, karatasi zake zote," akasema. "Huko Bukavu. Niliiacha ndani ya droo. Nikamuambia posta njo ilipoteza. Yule mutu anaishi Goma, tunasalimiana vizuri sana, na kila mara ananisalimia mi naona ile droo. We fanya unavyopenda."

Nilifuta maneno yangu kwa mstari mmoja, ili yasomeke bado, nikaandika juu yake: Mshauri alitaja saa vibaya. Daftari lipo kwenye kabati la chini, ukitaka kuona. Jumamosi nikapanda gari hadi njia panda, kisha pikipiki hadi Kanzenze.

Niliwakuta shambani, baba, mama na Vestine, wakichambua viazi vya mbegu kwenye udongo ule mweusi wa volkano unaoshika viatu. Baba yake, Mzee Gaspard, alikuwa amefanya biashara ya viazi Goma miaka mingi na alipenda kuzungumza nami Kiswahili, kwa heshima ya kwamba niliwahi kuwa mwalimu. Mama alileta kigoda na uji wa mtama. Sikukaa. Nilisema nikiwa nimesimama, kwa sababu nilijua nikikaa nitaanza na habari za mvua.

"Vestine hakuchelewa," nikasema. "Mwisho ulikuwa saa sita mchana. Mimi ndiye niliyemwambia saa kumi na mbili. Nilisoma tarakimu bila kufikiri. Na alipokuja nilijua, nikanyamaza."

Mzee Gaspard aliangusha kiazi kwenye kikapu. "We njo ulisema saa kumi na mbili?"

"Ndiyo mimi."

"Na umepanda mpaka huku kutuambia?"

"Ndiyo."

Mama hakuwa na Kiswahili kingi, mumewe akamtafsiria. Akashika mdomo kwa kiganja. Lakini mimi nilikuwa namtazama Vestine. Alikuwa ameinuka, ana udongo hadi kwenye viwiko.

"Siku tatu," akaniambia kwa Kinyarwanda, na sauti ilikuwa ndogo. "Siku tatu nimekuwa najitukana. Sijala. Niliwaambia wazazi wangu kwamba mtoto wao ni mjinga, asiyejua kusikiliza saa. Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

Akageuka, akapita kati ya mistari ya viazi hadi mwisho wa shamba, akasimama huko ametupa mgongo. Sikumfuata. Nilitambua pale kwamba nafasi iliyopotea ilikuwa kosa, na kosa lina jina na dawa. Zile siku tatu ndizo zilikuwa dhambi yangu.

Mzee Gaspard alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Nilipokwisha kupanda akashika usukani wa pikipiki kwa mkono mmoja.

"Madamu, mi siko na furaha," akasema. "Nisikudanganye. Lakini kama hungekuja, huyu mutoto angezeeka akijua ni yeye. Donc umefanya vizuri kukuja. Mwaka kesho utamuandikia tena?"

"Akitaka mwenyewe."

"Atataka. Acha akasirike kwanza."

Alikasirika miezi miwili na zaidi. Alipata kazi ya muda ya kufundisha shule ya msingi hapo kwao, na mimi nilisikia habari zake kwa watu wa sokoni tu. Kila tangazo la kilimo nililoliona nilikunja kona yake, nikaliweka chini ya kitabu cha wageni. Sikumpigia. Kisha asubuhi moja nilimkuta mlangoni kabla sijafungua, ana daftari jipya chini ya kwapa. Hakuniamkia kwa tabasamu. Aliniamkia kama mtu anavyomwamkia mwalimu, akakaa, akalifungua mezani.

"Nimepanda mistari sita kwa namna tofauti," akasema. "Mitatu nimechimbia mfereji. Nataka hii iwe kwenye barua. Na mwisho wa maombi nitausoma mwenyewe."

"Vizuri," nikasema. "Nitakuchapishia nakala."

"Nakala mbili. Moja ya baba."

Aliomba chuo kile kile. Safari hii aliitwa kwenye usaili, uliofanyika kwa video. Wewe umezoea mambo hayo, lakini kwetu ilikuwa mara ya kwanza. Nilifunga dirisha kwa sababu ya makelele ya barabara, nikamweka kwenye kiti kisicholia, nikaazima simu ya pili iwe akiba ya mtandao. Hiyo akiba ilinipa somo lake: simu zetu za hapa mpakani hurukia minara ya Kongo zikijisikia, na dakika kumi kabla ya usaili ile simu ikatukaribisha Kongo kwa ujumbe mzuri wa Kifaransa. Tuliisogeza hadi kabati la upande wa pili, ikarudi Rwanda.

Nilikaa nyuma ya kompyuta, mahali ambapo kamera haifiki, nimeshika chupa ya maji ambayo sikujua ni ya nani kati yetu. Walikuwa maprofesa watatu. Walimwuliza habari za udongo, za mifereji, za yale mashina. Alijibu kwa Kiingereza cha polepole na sahihi, akifungua daftari kuwaonyesha kurasa. Kisha mmoja wao, mama mwenye nywele za mvi, akauliza jambo ambalo hatukulifanyia mazoezi.

"Naona ulianza maombi yako mwaka jana, na hayakukamilika. Kulitokea nini?"

Vestine hakunitazama. Aliwaza kidogo, kwa sauti ya chini kama kawaida yake.

"Tulikosea saa," akasema. "Lugha yetu inahesabu saa tofauti na yenu. Mwaka huu hatukukosea."

Alisema tulikosea. Kwa Kiingereza alitumia lile neno la sisi, wazi kabisa, mara mbili. Yule mama akacheka, akaomba aelezwe saa zetu zinavyohesabiwa, na wale maprofesa watatu wakatumia dakika nzima wakijaribu kusema ni saa ngapi kwao kwa Kiswahili. Mimi nyuma ya kompyuta nilifungua ile chupa nikanywa yote.

Jibu lilikuja baada ya wiki sita. Nilimpigia Mzee Gaspard, na safari hii simu ilikuwa na chaji. Aliniomba nirudie mara tatu, ya tatu akaiweka simu kwenye spika ili mkewe na majirani wasikie. Mama yake alikuja ofisini siku ya kuaga, akaniuliza kwa Kinyarwanda kama huko Uholanzi mtoto atapata viazi. Nikamhakikishia kwamba hilo ndilo jambo pekee la safari ile lisilohitaji wasiwasi.

Alikaa huko hadi akamaliza shahada ya pili, kisha akarudi. Wengine hawarudi, na usiwahukumu, kila mmoja ana sababu zake. Vestine sasa anashughulika na mbegu za viazi milimani, anawafundisha wakulima kuchimba mifereji, na wakulima wanamlalamikia kwamba ni mkali. Hatujawahi kuzungumza tena habari za zile siku tatu. Tukipanga kuonana ananiandikia saa mara mbili, ya Kiswahili na ya kizungu, bila maelezo mengine.

Kutokana na hilo tulianza utaratibu ambao wewe uliukuta na ukaniuliza siku ya kwanza kwa nini tunajisumbua hivyo: kila saa ya mwisho inaandikwa kwa maneno, kwa lugha tatu, na neno mchana au jioni linapigiwa mstari, na mwombaji anaondoka na nakala ya tangazo mkononi. Ndiyo sababu. Papa Déo aliliita jambo hilo sheria ya Madamu Redio, na alipostaafu aliniachia kalenda, rula, na ushauri mmoja, kwamba nisiwe na haraka ya kusema "nilikwambia" kwa mtu yeyote, maana siku moja itakuwa kweli nilimwambia.

Wengi tuliowaandikia hawakupata. Hilo nalo ulijue mapema. Kwa kila mmoja aliyepanda ndege walikuwapo wengi walioondoka na barua fupi ya masikitiko, na wengi wao wana maisha mema. Mmoja ana karakana barabara ya kwenda mpakani, na barua yake ya kukataliwa ameitundika ukutani kwenye fremu. Anasema ina karatasi nzuri. Nilipokuwa mgeni kazini nilidhani kazi yetu ni ile ndege. Siku hizi naona ilikuwa zaidi kumkalisha mtu chini, na kumfanya aseme kwa mara ya kwanza, kwa maneno yake, anachokijua na anachokitaka. Hilo linabaki naye hata bahasha ikirudi.

Jumatatu iliyopita nilipita hapo kutia sahihi karatasi zangu za pensheni. Ulikuwa na mtu, mlango umefungwa, nikakaa kwenye benchi la nje kama watu wengine. Pembeni yangu palikuwa na msichana mwenye sare ya shule, ana karatasi mbili zilizokunjwa. Alinitazama nguo, akatazama bahasha yangu.

"Mama, na we unatafuta bourse?" akaniuliza.

"Hapana. Mimi nimeshamaliza."

"Una bahati." Akakunjua karatasi zake. "Ngoja nikusomee barua yangu. Uniambie kama iko muzuri. Niko na woga ya huyu Madamu wa ndani, wanasema anauliza sana."

Nikamwambia asome. Ilianza na ndoto ya tangu utotoni. Sentensi ya pili ilikuwa na makosa matatu, na nilihisi vidole vyangu vinatafuta kalamu mfukoni, kwa mazoea. Katikati ya ukurasa alifika mahali anapoeleza jinsi anavyomsaidia bibi yake asiyeona kujua rangi za vitenge kwa kushika nyuzi zake, na akaacha kuharakisha, akawa anasoma kama anayeniambia mimi tu.

"Hapo," nikasema. "Rudia hapo."

Akarudia, polepole zaidi, nami nikasikiliza bila kalamu mkononi.